JE, JIMBO LAWEZA KUACHANA NA INCHI YAKE BILA DAMU?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji. Wengi waliomba yaandikwe, ili wasiokuwako wayasome.)



Leo tunasema juu ya neno ambalo watu wengi wanalisema kwa sauti ya chini. Wanalisema jioni ya siku ya mshahara. Wanalisema wanapoona makamyo ya shaba yakielekea Kasumbalesa, moja nyuma ya lingine, na wao wenyewe hawana maji katika kartie yao. Neno lenyewe ni hili: «Twende zetu. Tuchukue shaba yetu, tutweke bendera yetu, tuachane na Kinshasa.»

Hatukuja kuwatukana wanaosema hivyo. Hasira yao ina sababu, nasi tutaitaja. Lakini mtu anayetaka kusafiri huuliza kwanza: njia hii inapita wapi? Nani aliipita mbele yetu? Je, alifika? Basi tuulize vivyo hivyo. Je, katika siku hizi, jimbo laweza kutoka katika inchi yake kwa amani?

Jibu letu ni hili: laweza, kwa maana imekwisha kutokea. Lakini mlango wa kutokea una kufuli tatu. Ufunguo wa kwanza ni ukubali wa inchi ile inayoachwa. Ufunguo wa pili ni kura ya haki ya watu wote wanaokaa katika jimbo, wenyeji na wageni, wengi na wachache. Ufunguo wa tatu ni hesabu: mali, madeni na njia za biashara zigawanywe kabla ya bendera kupanda. Anayevunja kufuli kwa shoka hatoki kwa amani, hata kama sababu yake ni nzuri namna gani.

Tuanze na habari ya kwetu, sababu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku 11 tu baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Je, alikuwa na ufunguo wa kwanza? Hapana. Serikali ya Léopoldville ilikataa, na hakuna inchi hata moja duniani iliyoitambua Katanga kwa sheria. Je, alikuwa na ufunguo wa pili? Hapana. Watu wa Katanga hawakuulizwa kwa kura. Tena katika uchaguzi wa Mei 1960, chama chake cha Conakat kilipata viti 25 katika viti 60 vya baraza la jimbo, na umoja wa Balubakat wa Jason Sendwe ulipata 23. Maana yake jimbo lilikuwa karibu limegawanyika nusu kwa nusu. Mtu aliyepewa viti 25 katika 60 alitangaza neno la milele kwa ajili ya watu wote.

Na hesabu? Hesabu ndiyo iliyokuwa moyo wa jambo. Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali ya Elisabethville, haikuzilipa Léopoldville. Askari wa Ubelgiji walikuwako, maofisa wa Kibelgiji waliongoza jeshi la Katanga, kisha wakaja askari wa kukodiwa. Kompani ilitaka migodi isiguswe. Ndiyo sababu watu wengi husema mpaka leo kwamba bendera ilikuwa ya Katanga lakini mlingoti ulikuwa wa kompani.

Matunda yake yalikuwa nini? Kaskazini ya jimbo, Baluba waliokataa kujitenga walipigwa, vijiji vyao vikachomwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa huku huku Katanga. Mwaka ule ule maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa katika mji wa Elisabethville, wakalala chini ya maturubai, katika mji walioujenga kwa mikono yao. Dag Hammarskjöld, mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akija kutafuta mapatano. Mjini walipigana Septemba 1961, wakapigana tena Desemba 1961, wakapigana tena kuanzia Desemba 1962. Januari 1963 kujitenga kukaisha.

Tazameni mwisho wa habari, wandugu. Julai 1964, mwaka mmoja na nusu tu baadaye, Tshombe yule yule aliitwa Léopoldville akawa waziri mkuu wa Kongo yote. Wakubwa walipatana. Waliokufa hawakurudi. Tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanayoumia, na tembo wakipatana majani hayasimami tena.

Sasa mtu atasema: ile ilikuwa zamani, na walikosa hekima. Je, wengine hawakufanya vizuri? Ndiyo, wako waliofanya vizuri, nasi tutawataja kwa haki.

Norvegia na Sweden zilikuwa chini ya mfalme mmoja tangu 1814. Juni 1905 baraza la Norvegia lilisema umoja umekwisha. Sweden haikufurahi, na majeshi yalisogea mpakani. Lakini Agosti watu waliulizwa: 368,208 walisema tuachane, 184 tu walisema tubaki. Kisha wajumbe wa pande mbili wakakaa meza moja katika mji wa Karlstad, wakapatana hata juu ya ngome za mpakani, kwamba zibomolewe. Oktoba Sweden ikakubali. Hakuna vita. Lakini angalieni: Norvegia ilikuwa na baraza lake, sheria zake na serikali yake miaka mingi mbele ya siku ile. Haikuanza kujifunza kutawala kesho yake.

Czechoslovakia iligawanyika tarehe 1 Januari 1993. Hapo ufunguo wa pili haukutumika: madepite waliamua wenyewe, watu hawakupigiwa kura, na wengi walinung'unika. Lakini pande mbili zilikubali, na hesabu ilifanyika mapema. Mbele ya mwisho wa 1992 walikuwa wamekwisha kutunga sheria ya kugawanya mali: mafungu mawili kwa Wacheki, fungu moja kwa Waslovaki, kwa kufuata hesabu ya watu. Walitaka kuendelea na pesa moja, lakini hata wao, waliopatana hivyo, pesa yao moja haikufika wiki sita. Februari 1993 walibandika stempu juu ya noti ili kutofautisha za huku na za kule. Sisi makarani tunaelewa neno hilo. Hata penye upendo, vitabu viwili havikai katika sanduku moja.

Kuna inchi nyingine zilizouliza watu wao kwa amani, na watu wakajibu «tubaki». Québec katika Kanada ilipiga kura 1980, ikapiga tena 1995. Mara ya pili waliotaka kubaki walikuwa 50.58 kwa mia tu. Hakuna aliyemchomea mwenzake nyumba. Mwaka 1998 mahakama kuu ya Kanada ilisema neno la busara: jimbo haliwezi kutoka kwa uamuzi wake peke yake, lakini kama watu wengi wazi wakijibu ulizo lililo wazi, serikali kuu haina ruhusa ya kuziba masikio, lazima ikae mezani. Scotland vilevile: London ilikubali kura ipigwe, ikapigwa tarehe 18 Septemba 2014, na 55 kwa mia wakachagua kubaki Uingereza.

Lakini Catalonia, huko Hispania, ilipiga kura tarehe 1 Oktoba 2017 bila ukubali wa Madrid. Polisi walipiga watu mbele ya masanduku ya kura, na mwaka 2019 viongozi 9 walihukumiwa kifungo cha miaka 9 hadi 13. Walisamehewa 2021, lakini inchi mpya haikupatikana. Na Marekani, ambayo yasema sana juu ya uhuru, ilipigana vita tangu 1861 hata 1865 kwa sababu majimbo 11 yalitaka kutoka ili kulinda utumwa. Watu zaidi ya 600,000 walikufa. Mwaka 1869 mahakama yao kuu ilisema jimbo haliwezi kutoka ila kwa mapinduzi au kwa ukubali wa majimbo mengine. Mapinduzi au ukubali: njia ya tatu haipo.

Mmeona, basi, kazi ya ufunguo wa kwanza na wa pili. Sasa tuseme juu ya ule wa tatu, sababu sisi ni watu wa mgodi, na ufunguo wa tatu unatuhusu sisi zaidi kuliko wengine.

Sudani ya Kusini ilipigana na Khartoum tangu 1983 hata 2005. Mwishoni Khartoum ilikubali, mapatano yakaandikwa, na Januari 2011 watu wa Kusini walipiga kura: karibu 99 kwa mia walitaka kuachana. Tarehe 9 Julai 2011 bendera mpya ilipanda, na Khartoum yenyewe ilikubali. Funguo mbili zilikuwako. Lakini hesabu haikufungwa. Robo tatu ya mafuta ilikuwa Kusini, na bomba la kuyapeleka baharini lilipita Kaskazini mpaka Port Sudan. Hawakupatana juu ya malipo ya njia. Januari 2012 Kusini ilifunga visima vyake, na serikali iliyoishi kwa mafuta ikakaa zaidi ya mwaka karibu bila mapato. Aprili 2012 walipigana Heglig kwenye mafuta. Hata mpaka wa Abyei haukukatwa. Na Desemba 2013 wakubwa wa Kusini wenyewe walianza kupigana wao kwa wao, na vita hiyo ikaua watu wengi mno. Adui wa nje alipoondoka, kila mmoja alimtazama jirani yake.

Mfano mwingine ni wa reli. Senegali na Sudani ya Kifaransa zilipata uhuru pamoja Juni 1960, zikaitwa Shirikisho la Mali. Agosti mwaka ule ule Senegali ilitoka. Risasi hazikupigwa, lakini gari la moshi la Dakar kwenda Bamako lilikatwa mpakani mpaka 1963. Wafanyakazi wa reli wanajua maana ya neno hilo: njia kukatwa ni chungu kukosa unga.

Na shaba yetu inapita wapi? Hatuna bahari. Inapita Zambia kwenda Dar es Salaam au Durban, au inapita Angola kwenda Lobito. Vita ya Angola ilipofunga reli ya Lobito mwaka 1975, sisi wa mgodi tuliona jinsi mlango wa mtu mwingine unavyofungwa bila kutuuliza. Inchi mpya isiyotambuliwa na jirani itapitisha tani zake wapi? Itasaini mapatano na nani?

Kuna kisiwa kimoja mbali sana, upande wa Australia, kinaitwa Bougainville. Twawaomba mkikumbuke kisiwa hicho, sababu habari yake ni ndugu ya habari yetu. Kilikuwa na mgodi mkubwa wa shaba, Panguna, katika inchi ya Papua New Guinea. Wenye udongo waliona mto umeharibika na faida inaenda mbali. Mgodi ulifungwa 1989, vita ikafuata karibu miaka kumi. Lakini mwaka 2001 waliandika mapatano: kwanza kisiwa kijitawale ndani ya inchi, silaha ziwekwe chini, kisha watu waulizwe. Waliulizwa mwisho wa 2019, na karibu 98 kwa mia walitaka uhuru. Je, walitweka bendera kesho yake? Hapana. Mapatano yanasema kura ile si mwisho: lazima serikali mbili zizungumze, na Bunge la Papua New Guinea litoe neno. Watu karibu wote wametaka, na bado ukubali unatafutwa mezani. Wamejifunza kwa damu kwamba meza ni nafuu kuliko bunduki, hata ikiwa meza inachelewa.

Turudi nyumbani. Sheria yetu yasemaje? Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inasema Kongo ni moja, haigawanyiki. Kifungu cha 214 kinasema hakuna kipande cha inchi kitakachotolewa bila watu wote wa Kongo kuulizwa kwa kura. Maana yake mlango wa jimbo kutoka peke yake haukuandikwa. Na Afrika yasemaje? Mwaka 1964 huko Kairo, inchi za Afrika zilipatana kuheshimu mipaka iliyokuwako siku ya uhuru. Mwaka 1992 chama kimoja cha Katanga kilipeleka shauri mbele ya Tume ya Afrika ya haki za watu, kikiomba Katanga itambuliwe. Tume ilijibu 1995. Ilisema kwamba watu wa Katanga wana haki ya kujiamulia mambo yao, lakini kwa namna isiyovunja umoja wa inchi, kama vile kujitawala katika jimbo au shirikisho. Maana haikuonyeshwa kwamba wananyimwa sehemu yao katika utawala au wanavunjiwa haki kiasi cha kufanya umoja wenyewe uwe na mashaka.

Tena kuna ulizo ambalo wapenda bendera hawapendi kulijibu. Katanga ipi? Tangu 2015 Katanga ya zamani ni majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi mikubwa ya shaba iko katika mawili. Je, siku ya kujitenga Kolwezi itakubali kulisha Kamina na Kalemie? Au itasema nayo: «Twende zetu, Lubumbashi inatula»? Mwenye kukata kitambaa kwa hasira hajui mkasi utakoma wapi.

Na sisi tunaoishi katika kambi na makartie, sisi ni nani? Babu zetu wengine walizaliwa hapa. Wengine waliletwa na kompani kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Rwanda na Urundi. Wameoana, wamezikana, wamekula posho moja. Miaka ya 1992 hata 1994 tuliona neno la «hapa si kwenu» linavyofanya: huko Likasi na Kolwezi watu wa Kasai walifukuzwa, maelfu na maelfu wakalala stesheni wakingojea gari la moshi, na wengi walikufa hapo na njiani. Wakati ule hata inchi haikugawanyika! Ilitosha kusema neno. Kwa hiyo mtu akitualika kupiga kura ya kuachana, ulizo letu la kwanza ni hili: je, jirani yangu aliyezaliwa Likasi na baba Mkasai atapiga kura? Na baada ya kura, atalala kwake?

Sasa tuseme juu ya hasira yenyewe, maana tuliahidi. Watu wanasema: mali inatoka kwetu, faida inaenda mbali. Wanasema kweli. Lakini wangapi kati yetu wanajua kile ambacho sheria imekwisha kutupa? Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inatoa kwa majimbo 40 kwa mia ya mapato ya taifa, na inasema yakatwe palepale yanapotoka, yasingoje safari ya Kinshasa na kurudi. Majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba neno hilo halitimizwi. Sheria ya migodi ya 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta au usultani penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kompani inapaswa kutoa sehemu ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi.

Sisi tunaoandika tani katika vitabu twajua kwamba namba isiyoulizwa hulala. Zile 15 kwa mia haziko Kinshasa. Zinapaswa kuwa hapa, karibu, mahali ambapo mtu aweza kufika kwa miguu. Nani ameuliza zilijenga nini? Kama hatuwezi kuuliza hesabu kwa wakubwa wa komine tunaokutana nao kanisani, tutawaulizaje wakubwa wa inchi mpya wenye jeshi na walinzi? Mwizi hawi mwaminifu kwa kubadili bendera.

Basi, wandugu, hatusemi kwamba hakuna watu duniani wenye haki ya kuachana. Wako, na wengine wameachana vizuri. Tunasema kwamba amani ya kuachana haitoki katika tangazo la mtu mmoja mbele ya redio. Inatoka katika ukubali, kura na hesabu. Anayewaita mumfuate, mwulizeni maneno matatu: Nani amekubali? Nani atapiga kura? Nani ameandika hesabu ya mali na njia? Asipoweza kujibu yote matatu, basi anaomba watoto wenu, haombi kura zenu.

Na kwa kazi ya kesho, haya ndiyo tunayowaomba. Kila kartie ichague watu watatu au wanne wanaojua kusoma hesabu. Waende katika komine kwa adabu, na barua iliyoandikwa vizuri, kuuliza habari ya zile 15 kwa mia: ziliingia ngapi, zilitoka ngapi, zilifanya nini. Sendika zetu ziulize kompani juu ya ile 0.3. Madepite wetu wa jimbo waulizwe juu ya ile 40. Jibu likija, tulisome mbele ya watu wote. Jibu lisipokuja, tuandike tena, na tena, na majina yetu chini yake, Mluba karibu na Mbemba, Mlunda karibu na Mkasai.

Uhuru tulioupata 1960 haujalipwa wote, wandugu. Tuudai pamoja.